Aivi ya mabaka kwa ukuta wa bustani: uchague ipi kati ya hizi tano?

Ukienda kununua aivi ya mabaka, miche yote hukuvutia kwa namna ileile: kikopo kidogo, shina la urefu wa shibiri, majani manane au tisa yaliyopakwa njano au nyeupe kana kwamba kuna mtu aliyekaa chini na brashi. Miaka mitano baadaye mmoja bado uko chini ya dirisha, wa pili umeshajipenyeza chini ya vigae vya paa, na wa tatu umegeuka kijani kitupu. Na yote mitatu iliuzwa kwa jina moja tu, aivi.

Kwa asiyeijua, aivi ni mmea mtambaazi wa jenasi ya Hedera. Haipukutishi majani yake yote kwa msimu, na hupanda ukuta kwa vijizizi vyake yenyewe bila kuhitaji fito wala kamba. Aina zilizopewa majina zinafika mamia, lakini nyingi ni ndogo, za kukaa chunguni. Kwa ukuta wa bustani mjadala huishia kwenye tano. 'Glacier' na 'Goldheart' ni za Hedera helix, aivi ya kawaida. 'Sulphur Heart' na 'Dentata Variegata' ni za Hedera colchica, ambayo wengi huiita aivi ya Uajemi. Asili yake ni milima ya Kaukazi na nchi za jirani. Ya tano ni 'Gloire de Marengo', ya Hedera algeriensis, ambayo jina lake linakuambia imetoka Algeria.

Baka liko wapi?

Kabla hujaangalia rangi, angalia mahali rangi ilipo. Je, njano iko katikati ya jani na kijani kimeizunguka, au kijani ndicho kiko katikati na weupe umekaa ukingoni? Linaonekana jambo dogo, lakini lina maana kubwa.

Sehemu ya njano au nyeupe haina klorofili ya kutosha, ile rangi ya kijani inayoupikia mmea chakula kwa mwanga. Ncha ya chipukizi la aivi imejengwa kwa matabaka ya seli yaliyolaliana, na katika aivi za mabaka tabaka mojawapo limepoteza uwezo wa kutengeneza klorofili huku mengine yakibaki nao. Jani linapokunjuka, kila tabaka linachukua sehemu yake: moja linajenga ukingo, jingine linajenga katikati. Kwa hiyo unachokiona ni mimea miwili ndani ya ngozi moja, wa kijani na wa kupauka, na wa kijani ndiye anayemlisha mwenzake.

Mapatano hayo huvunjika mara kwa mara. Chipukizi likichomoza kwenye seli za kijani peke yake, litatoa majani ya kijani matupu, na kwa kuwa halina mzigo wa kulisha, litakua mbio kuliko ndugu zake. Ukilinyamazia, ndilo litakalomiliki ukuta. Aivi zote za mabaka zina tabia hii, ila kwa kadiri nilivyoona, zile zenye baka katikati ya jani hurudi kijani kwa wepesi zaidi kuliko zile zenye baka ukingoni. 'Goldheart' na 'Sulphur Heart' ni za katikati. 'Glacier', 'Dentata Variegata' na 'Gloire de Marengo' ni za ukingoni. Ukijua hilo umeshajua nusu ya kazi itakayokusubiri.

'Goldheart': mrembo anayehitaji kuchungwa

Hii ndiyo inayouzika kuliko zote, na sishangai. Jani lake ni dogo, la sentimita 4 hadi 6, lenye ncha kali, kijani cha kukolea pembeni na njano ya kiini cha yai katikati, juu ya kijishina chekundu. Ukuta uliofunikwa nayo ukipigwa na mwanga wa asubuhi unang'aa kama umewashwa taa. Jina lake la asili ni 'Oro di Bogliasco', yaani dhahabu ya Bogliasco, mji mdogo wa pwani karibu na Genoa, Italia. Kwa hiyo ukikuta majina hayo mawili, usinunue miche miwili ukidhani ni aina mbili.

Niliipanda kwenye ukuta wa matofali. Mwaka wa kwanza haikufanya lolote la kuonekana. Mwaka wa pili iliongeza mkono mmoja wa kushoto na ikatulia, nikaanza kudhani nimeuziwa mgonjwa. Wa tatu ikafyatuka. Ilikuwa katikati ya furaha hiyo ndipo nilipoona, karibu na goti, chipukizi moja lisilo na hata tone la njano. Lilikuwa na urefu wa kidole, na mimi nilikuwa na haraka zangu, nikaliacha. Mwaka uliofuata shina lake lilikuwa nene kuliko kalamu, majani yake mapana kuliko ya wenzake wote, na lilikuwa limepanda mita moja na nusu juu ya njano yangu na kuifunika kama shuka.

Kulikata juujuu hakukusaidia. Lilichipua tena mawili. Ilibidi nilifuate kwa vidole kuteremka nalo, nikibandua majani ya njano kwa upole, hadi kifundo lilipochomozea kwenye shina mama, na pale nikalikata likiwa limegusana kabisa na shina. Ndiyo njia pekee. Siku hizi naukagua ule ukuta kila baada ya wiki chache wakati wa kuchipua, na chipukizi la kijani nikilikuta changa nalinyofoa kwa mkono.

Kama wewe ni mtu wa kupanda na kusahau, iache 'Goldheart'. Na usiitandaze chini kama zulia, kwa sababu hapo ndipo hurudi kijani upesi zaidi na njano yake hufifia. Hii ni aivi ya kusimama.

'Glacier': mvumilivu

'Glacier' haina majivuno. Jani lake ni la sentimita 3 hadi 5, la kijani kilichochanganyika na kijivu, mabaka ya fedha, na uzi mwembamba wa krimu ukingoni. Huchukua muda kujaza ukuta na mara nyingi hutosheka na mita 2 au 3 za urefu. Kwa ukuta mfupi wa bustani, huo ndio ubora wake: hutapanda ngazi kila mwaka kuifukuza kwenye paa.

Huvumilia kivuli kuliko zile za njano, maana fedha yake haitegemei jua kali ili ionekane. Kasoro yake ni moja, nayo utaiona ukisimama mbali. Hatua ishirini kutoka ukutani mabaka yote huungana yakawa ukungu wa kijivu, na mgeni anaweza kudhani mmea una vumbi. Ipande pale watu wanapopita karibu: kando ya njia, nyuma ya benchi, mlangoni.

Za majani makubwa: 'Sulphur Heart' na 'Dentata Variegata'

Hapa tunaingia kwenye ukoo mwingine. Aivi ya Uajemi ina jani la umbo la moyo, karibu bila zile pembe za aivi ya kawaida, nene, lenye upana wa kiganja kilichofunguliwa. Ukilisugua kati ya vidole linatoa harufu ya viungo, yenye utomvu ndani yake. Aivi ya kawaida haina harufu hiyo, kwa hiyo ukiwa na shaka na kibandiko cha mche, pua yako itakusaidia. Majani huning'inia kwenye vikonyo vyake, moja likilala juu ya jingine kama vigae, na ndiyo maana ukuta hufunikika upesi hata kama mashina ni machache.

'Dentata Variegata' ndiyo kubwa zaidi kwa jani. Lile lililokomaa hufika sentimita 15 hadi 20. Katikati kuna kijani na kijivu vilivyomwagikiana bila mpangilio, na ukingo mpana wa krimu ya manjano ambayo hupauka kuelekea weupe jani linavyozeeka. 'Sulphur Heart' ni kinyume chake: kijani ukingoni, na katikati mlipuko wa njano unaofuata mishipa ya jani, mwingine mkubwa, mwingine kidogo tu. Hutapata majani mawili yanayofanana. Njano hiyo huwa kali kwenye majani machanga, kisha huelekea kijani cha kupauka. Huuzwa pia kwa jina la 'Paddy's Pride', na ni mmea uleule.

Zote mbili zina nguvu. Hesabu mita 4 au 5, na usishangae zikizidi. Zote mbili huvumilia barafu vizuri. Nikilazimishwa kuchagua kati yao nachukua 'Dentata Variegata', kwa sababu mbili: baka lake liko ukingoni na sijawahi kuisumbukia kwa machipukizi ya kijani, na ule weupe wake unaonekana hata jioni mwanga unapofifia, wakati njano ya 'Sulphur Heart' inakuwa imeshazama. Lakini kwa ukuta wa kijivu wa saruji ningebadili mawazo. Krimu juu ya kijivu hupooza, njano hukichangamsha.

Jambo ambalo halisemwi sana: uzito. Majani makubwa ni mzigo, na katika miaka ya mwanzo vijizizi vya aivi ya Uajemi hushindwa kuubeba upepo unapovuma. Ifungie waya chache zilizolazwa ukutani mpaka ijishike. Jambo la pili ni zana. Mikasi mikubwa ya kusawazishia ua hukata majani haya nusunusu, na kila kipande kilichobaki hukauka ukingo ukawa kahawia. Tumia mkasi mdogo wa kupogolea, shina baada ya shina. Ni kazi ya subira, lakini matokeo yake hayaumizi macho.

'Gloire de Marengo'

Ni nzuri mno, yenye mashina ya rangi ya divai, jani pana la kijani cha kijivu na ukingo mweupe kabisa. Haipendi baridi ya kuganda. Upepo wa barafu huunguza majani yake, na majira mabaya yanaweza kuirudisha hadi shinani. Mahali pasipo na barafu, au kwenye ukuta uliokingwa na upepo, inazishinda zote kwa kasi na kwa weupe. Haijishiki ukutani kwa nguvu kama aivi ya kawaida, kwa hiyo itahitaji waya. Sehemu nyingi bado huuzwa kwa jina la zamani la Hedera canariensis.

Ukuta wako unatazama wapi

Kanuni ni fupi: njano inataka mwanga, nyeupe na fedha zinavumilia kivuli. 'Goldheart' ikikaa gizani hutoa majani ya kijani yenye madoa machache ya aibu. Lakini mwanga si sawa na kuchomwa. Sehemu zilizopauka hazina kinga ya kutosha dhidi ya jua kali, na ukuta wa mchana huhifadhi joto na kulirudisha usiku. Majani huanza kuungua kwenye baka, si kwenye kijani.

Katika nchi za kaskazini watu hupima ukuta kwa kuuliza kama unatazama kaskazini au kusini. Nchi za kusini hugeuza jibu. Karibu na ikweta swali hilo halina maana kubwa, kwa sababu jua huhama upande katika mwaka. Huko uliza kama ukuta unapata jua la asubuhi au la alasiri. Wa asubuhi unafaa aivi zote tano. Wa alasiri, sehemu yenye joto, ungeweza kuutumia kwa kitu kingine kabisa. Hapo aivi hupatwa na utitiri mwekundu, majani huwa na vidoa vidogo vya kupauka kama yamenyunyiziwa unga, na utapambana nao kila kiangazi.

Je, itaharibu ukuta?

Inategemea ukuta zaidi kuliko aivi. Vijizizi vinavyoonekana kwenye shina havinyonyi maji ya tofali. Kazi yake ni kushika, na hushika kwa kutoa gundi yenye chembe ndogo mno zinazoingia kwenye vinyweleo vya ukuta. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, kwa kazi waliyoifanya pamoja na shirika la English Heritage, walipima kuta katika maeneo matano ya Uingereza na kukuta kwamba aivi hufanya kazi kama blanketi: sehemu za ukuta zilizo wazi zilikuwa na wastani wa joto la juu la siku uliozidi kwa asilimia 36, na wa joto la chini ulioshuka kwa asilimia 15, zikilinganishwa na sehemu zilizofunikwa. Kupanuka na kusinyaa huko ndiko hupasua mawe.

Tatizo linaanza pale ukuta ulipokwisha kuwa na ufa. Chipukizi changa la aivi hukimbilia giza. Ndivyo linavyojua kurudi ukutani likipeperushwa, na ndivyo pia linavyoingia kwenye nyufa, chini ya vigae, nyuma ya mbao na ndani ya mifereji ya paa. Likishaingia na kukuta udongo na unyevu, vile vijizizi vya kushikia hugeuka mizizi ya kweli, na shina linanenepa likiwa ndani.

Chukua ufunguo, kwaruza udongo wa kujengea kati ya matofali. Ukitoka mstari tu, panda. Ukimwagika kama mchanga, tengeneza kwanza. Kuta zilizopakwa rangi na zile zenye lipu inayobanduka zisahau, kwani siku utakapoivua aivi itatoka na ngozi ya ukuta, na hata kwenye tofali zima itaacha alama za vijizizi, mistari ya kahawia kama nyayo za jongoo, ambayo haitoki kwa kusugua mara moja.

Kuipanda, kwa ufupi

Chimba shimo sentimita 30 hadi 45 kutoka ukutani, si chini yake kabisa, kwa sababu ukuta hukinga mvua na udongo wa hapo huwa mkavu daima. Laza mche uelekee ukutani, ukiuongoza kwa kijiti. Mashina yaliyokuja na mche mara nyingi hayajishiki; ni yale mapya yatakayoota hapo ndiyo yatakayopanda, basi usivunjike moyo. Mwagilia vizuri mwaka wa kwanza. Pogoa kabla ya majira ya kuchipua, na kabla ya kukata chochote angalia viota, maana ndege huipenda.

Vaa glavu na mikono mirefu. Utomvu wa aivi una falkarinoli, ambayo huwasha ngozi ya watu wengi na kuwatoa vipele, na matunda yake meusi ni sumu kwa binadamu. Matunda hayo hayaji mpaka aivi ipevuke: hufika juu, huacha kutambaa, hutoa matawi yaliyosimama yenye majani yasiyo na pembe, kisha maua ambayo nyuki huyafurahia wakati mimea mingine imemaliza. Ukipogoa kila mwaka hatua hiyo itachelewa. Na ukitaka kuzalisha, chukua vipandikizi kwenye mashina yanayotambaa, kwa sababu kipandikizi cha tawi lililopevuka hukua kuwa kichaka na hakipandi ukuta. Mbegu usijisumbue nazo. Miche yake haifuati mabaka ya mama.

Ndege hueneza mbegu hizo mbali. Aivi imekuwa gugu la msituni sehemu kadhaa za dunia. Jimbo la Oregon nchini Marekani limepiga marufuku kuuza Hedera helix, na New Zealand inapambana nayo. Za mabaka ni pole zaidi, ila zikirudi kijani zinarudi na tabia zote. Ulizia sheria ya unakoishi kabla ya kupanda.

Kama aivi haifai

Kwenye joto la daima, mtini mtambaazi wa mabaka, Ficus pumila 'Variegata', hufanya kazi hiyohiyo kwa majani madogo yenye ukingo mweupe, lakini hung'ang'ania ukuta kuliko aivi yoyote na hurudi kijani kwa kasi ya kukatisha tamaa. Kwenye baridi, ambapo hutaki gundi ukutani, Euonymus fortunei 'Silver Queen' ni kichaka ambacho kikiegemezwa ukutani hujipandisha polepole. Ni mzito wa mwendo, lakini ukimchoka unamng'oa bila kumwita fundi.

Kwa ukuta mfupi wenye kivuli mimi huchukua 'Glacier' bila kufikiri sana, na kwa ukuta mrefu 'Dentata Variegata'. 'Goldheart' ningempa mtu anayependa kutembea bustanini kila jioni akiwa na mkasi mfukoni. Yoyote utakayochukua, siku ya kununua usiangalie majani ya juu pekee. Inua majani, tazama pale mashina yanapotoka kwenye udongo wa kikopo. Huko ndiko chipukizi la kijani hujificha, fupi, nono, likisubiri kupelekwa nyumbani.